Mwanzo Wangu Mwenyewe: Sataranji ya Jane and Finch

Sataranji ina hatua 20 tu za kuanzia. Askari wanane, kila mmoja aende mraba mmoja au miwili. Farasi wawili, kila mmoja na njia mbili. Hatua zote hizo zimeshachezwa na zimeshapewa majina. Hata hivyo, keti na watu wanaocheza mtaani Jane and Finch, wale ambao ubao wao umepoteza farasi mmoja na mahali pake pakawekwa kizibo cha chupa, na hutakosa mtu wa kukuapia kwamba anao mwanzo wake, kaubuni mwenyewe, na hajamwona mwingine akiucheza.

Mimi siwacheki watu hawa. Kila nikiwatazama naona wana mila kamili, yenye adabu zake na ugomvi wake.

Kwanza mahali penyewe. Jane and Finch ni kaskazini magharibi mwa Toronto, pale barabara ya Jane inapokatana na Finch. Mwanzoni mwa miaka ya 1960 palikuwa mashamba. Serikali ikajenga maghorofa ya watu wa kipato cha chini kwa kasi ya ajabu, na wakazi wakaongezeka kutoka kama 1,300 mwaka 1961 hadi 33,000 hivi mwaka 1971. Wakaja watu wa visiwa vya Karibi, Waghana, Wavietnam, Wasomali, watu wa Amerika ya Kusini, na katika miongo ya karibuni Kiswahili cha Kongo na Burundi nacho kinasikika kwenye foleni ya basi. Watu hawa hawakuja mikono mitupu. Mjamaika alikuja na domino zake, ambazo hazichezwi bila kupigwa mezani hadi vikombe viruke. Mghana ana oware. Mvietnam ana sataranji ya Kichina, ambayo kete zake ni vibao vya duara vyenye maandishi. Sisi tuna bao. Lakini domino ya Jamaika ina ufundi wake ambao mgeni haupati kwa siku moja, na bao la Kiswahili ndiyo usiseme. Sataranji kila mtu anaijua kidogo, aliionja shuleni au kambini, kwa hiyo ndiyo inayowakutanisha.

Baridi nayo ina mchango wake. Huku baraza ya nje ni ya miezi michache. Kuanzia Novemba watu huingia ndani: kwenye viti vya Jane Finch Mall, maktaba ya York Woods, au ukumbi wa chini wa ghorofa karibu na lifti. Meza haina mwenyewe. Anayeshinda anabaki, anayeshindwa anampisha anayesubiri.

Katika klabu za sataranji mtazamaji hunyamaza. Akifungua mdomo anatolewa. Hapa mtazamaji asiyesema anashangaza. Atakuonya farasi wako yuko hatarini, atamtania mpinzani wako, kisha atadai ushindi ni wake. Aliyekulia kando ya ubao wa bao, Unguja au Mombasa, hatahitaji kufundishwa adabu hizi. Zogo hilo ndilo linalozaa mianzo mipya, kwa sababu mbele ya watu hakuna anayetaka kucheza kile ambacho kila mtu anakijua.

Nilikaa kando ya mchezo mmoja wa namna hiyo. Kijana wa Kikongo mwenye kete nyeupe aliinua askari aliye mbele ya farasi wa upande wa mfalme, akampeleka miraba miwili. Watu wakaguna, maana hatua hiyo inamwacha mfalme ubavu wazi. Mpinzani wake, mzee wa Kijamaika, akasogeza askari wa malkia miraba miwili, na hapo hapo askofu wake akapata njia hadi kwa yule askari aliyejitokeza. Kijana akamtoa askofu wake kwenye upenyo uliobaki. Mzee akamla askari. Kijana, kama vile hakuona kitu, akasogeza askari mwingine upande wa pili wa ubao, naye mzee akamla huyo pia. Ndipo askofu wa kijana alipokata ubao mshazari kutoka kona hadi kona, akala askari aliye mbele ya farasi, akasimama ubavuni mwa ngome ya mzee. Ngome ile ilizibwa na farasi upande mmoja na askari upande wa pili. Haikuwa na pa kwenda.

"Kaka, hii umeitosha wapi?" akauliza mwenzake kwa Kiswahili cha Goma.

"Ni yangu."

Kweli ilikuwa yake? Mwanzo ule unajulikana duniani kwa jina la Henri Grob, Mswisi aliyefariki mwaka 1974, ambaye aliucheza kwa barua dhidi ya wasomaji wa gazeti katika maelfu ya michezo. Mtego wenyewe umo vitabuni. Kijana yule hakuwa amesikia jina la Grob, na mimi sikumtajia. Aliyefika mahali kwa miguu yake hadanganyi akisema ameijua njia, hata kama mwingine alipita kabla yake. Isitoshe, mchezo ule alishindwa. Mzee aliitoa ngome, akapata askari na nafasi, kisha akaufuata ule ubavu wazi mpaka akamfunga mfalme. Lakini jioni nzima watu walizungumzia mtego, na ushindi wa mzee hawakuutaja hata mara moja.

Hii ndiyo tofauti ya sataranji ya mtaani na ya kitabuni. Kitabuni mwanzo hupimwa kwa matokeo. Mtaani hupimwa kwa swali la umeutoa wapi.

Kuupa mwanzo jina ni kazi ya watu, na mwenye mwanzo hajichagulii. Majina ya wakubwa nayo yana visa vyake: mwaka 1924 huko New York, Savielly Tartakower alikwenda kutazama wanyama, akapendezwa na orangutani, kisha akacheza hatua ya askari wa ubavu wa malkia dhidi ya mpinzani wake Maróczy, na hadi leo hatua hiyo inaitwa Orangutani. Mimi nimeshapendekeza mwanzo fulani, ambao kete zake hukaa kimya hatua sita kisha tatu hutokea kwa mpigo, uitwe Basi la 36. Aliyewahi kusubiri basi hilo barabara ya Finch kabla ya treni ya Line 6 kuanza Desemba 2025 hataomba maelezo.

Watoto nao wana wao, na karibu kila mtoto hubuni ule ule: anamsogeza askari wa pembeni kabisa miraba miwili ili ngome itoke mapema. Walimu wote wanaukataza. Lakini Preston Ware wa Boston, mchezaji wa ridhaa wa karne ya 19, aliupenda ukapewa jina lake. Ware huyo ndiye aliyemfunga bingwa Wilhelm Steinitz huko Vienna mwaka 1882.

Wakanada wengine wana kumbukumbu ya Duncan Suttles wa Vancouver, aliyepata hadhi ya ubingwa mkuu mwanzoni mwa miaka ya 1970 akiwa na mianzo iliyowaudhi wataalamu. Lakini mwenye haki kubwa zaidi katika jambo hili la kuwa na mwanzo wako yuko mbali na Kanada. Katika sataranji ya zamani ya Waarabu, aliyesimama mahali pa malkia alikwenda mraba mmoja tu mshazari, kwa hiyo majeshi yalichelewa kukutana. Kila mchezaji aliipanga safu yake kwanza, kwa hatua kumi au zaidi, bila kumjali sana mwenzake. Safu hizo ziliitwa taabia, nazo zilikuwa na majina: yenye mbawa, mafuriko, upanga. Mabingwa wa Baghdad kama al-Adli na as-Suli, wa karne ya 9 na ya 10, waliziandika. Kuwa na safu yako haikuwa kiburi cha mjinga, ilikuwa ndiyo mchezo wenyewe. Kilichobadilika Ulaya, karne ya 15, ni kwamba malkia alipewa mbio, makosa ya mwanzo yakawa ya kuua, na watu wakaanza kukariri.

Kukariri kunataka muda. Mtu wa zamu ya usiku ghalani, anayepanda mabasi mawili kurudi, hana saa za kusoma hatua 15 za ufunguzi wa Kihispania. Anachoweza ni kumtoa msomi kwenye alichokisoma, ili kuanzia hatua ya tatu wote wawili wawe wanafikiri. Naona huo ni uamuzi wa akili, ingawa hugharimu.

Siku hizi mwanzo hufa haraka. Zamani mwenye siri aliishi nayo msimu mzima wa baridi, akiicheza kwa wageni na kuificha kwa wenyeji. Sasa kijana anatoa simu, programu inampa jibu kwa sekunde, na ile hatua ya Grob kompyuta huiweka mkiani mwa zile 20. Wazee wa meza hawataki simu mezani, na sababu wanayoitoa si udanganyifu. Wanasema inamaliza mazungumzo.

Kompyuta ina haki, ila hukumu yake inamhusu mpinzani anayejua kuadhibu. Mwaka 1868 Mwingereza mmoja wa ridhaa, J. Baker, alimshinda Steinitz, aliyekuwa akicheza na wengi kwa pamoja, kwa kuijibu hatua yake ya kwanza na askari wa pembeni mraba mmoja. Mwaka 1980 huko Skara, Sweden, Tony Miles alirudia hatua ile ile dhidi ya bingwa wa dunia Anatoly Karpov. Ukumbi ulicheka. Miles akashinda. Nikiwasimulia kisa hiki pale mezani, hakuna anayeuliza Miles alishindaje. Wanaupanga ubao upya, na wawili kwa pamoja wanadai walishaicheza.