KUSOMEA USINDIKAJI WA CHAKULA: YAFAHAMU HAYA KABLA YA KUJIANDIKISHA



Huenda umesikia kuhusu masomo ya kusindika mazao ukajiuliza yana faida gani. Soma maelezo haya kabla ya kuamua.

Ni masomo gani?

Kusindika ni kulitengeneza zao likae muda mrefu bila kuoza na bila kumdhuru mlaji. Mwanafunzi hujifunza kukausha, kusaga, kukamua mafuta, kutengeneza jemu na kufungasha. Hujifunza pia usafi, vipimo na hesabu za gharama.

Kwa nini mtu asomee chakula?

Kwa sababu chakula kilichohifadhiwa vibaya huua. Mwaka 2016, katika mikoa ya Dodoma na Manyara nchini Tanzania, watu 68 waliugua na 20 kati yao walifariki kwa sumukuvu iliyokuwa katika mahindi. Sumu hiyo hutoka kwenye kuvu, na kupika hakuiondoi. Dawa yake ni kukausha vizuri na kuhifadhi pakavu.

Tazama pia muhogo mchungu. Mama zetu huuloweka siku kadhaa kabla ya kuuanika. Chuoni utaelezwa sababu: maji hutoa sumu iliyomo ndani yake. Anayejua sababu hafupishi siku hizo hata wakati wa njaa. Ugonjwa wa konzo, unaopoozesha miguu, umewapata watu wa Kongo na Tanzania waliokula muhogo ambao haukutolewa sumu ipasavyo.

Husomwa wapi?

Tanzania ina Vyuo vya Maendeleo ya Wananchi, vilivyoanzishwa mwaka 1975 ili kuwapa watu wazima ujuzi wa kazi. Vipo pia vyuo vya ufundi stadi. Si kila chuo hufundisha usindikaji, kwa hiyo uliza kwanza.

Kabla ya kujiandikisha, uliza:

1. Je, wakimbizi wanapokelewa, na wanahitaji vyeti gani vya shule?
2. Je, masomo yako ndani ya kambi? Kama yako nje, usitoke bila kibali.
3. Nani analipa ada, vifaa na chakula cha mwanafunzi?
4. Mwishoni utapewa cheti cha mtihani au hati ya kuhudhuria tu? Hivi ni vitu viwili tofauti, na mwajiri atakuuliza.

Ukipata cheti, kitunze pakavu na uweke nakala mahali pengine. Utakihitaji ukirudi nyumbani.

Jaribio la kufanya nyumbani

Usingoje chuo ili kuanza kujifunza. Chukua chupa kavu ya kioo, tia punje za mahindi hadi theluthi moja, ongeza vijiko viwili vikubwa vya chumvi kavu. Funga, tikisa kwa dakika moja, kisha acha itulie kwa dakika 15. Chumvi ikinata kwenye kioo, mahindi bado yana unyevu: yaanike tena. Chumvi isiponata, yamekauka kiasi cha kuhifadhiwa. Lakini punje zenye kuvu zitupe, hata kama zimekauka. Usizile wala usiwape kuku.

Tafadhali msomee jirani asiyejua kusoma.