Jiwe la kijani mbele ya moto

Mwenye nyumba wa Kolwezi, mji wa Katanga ya zamani nchini Kongo, anayetaka kujenga meko ya gesi ukutani hahitaji kwenda mbali kutafuta jiwe la kuizungushia. Malakiti iko mlangoni pake. Ni jiwe la kijani lenye mistari inayopinda, kijani cha majani machanga kikifuatwa na kijani kinachokaribia weusi, na wachongaji wa Katanga wamekuwa wakitengeneza kwalo shanga, visanduku, sanamu za wanyama na mbao za sataranji. Mji huu uko kwenye mwinuko wa zaidi ya mita 1,400, na usiku wa kipupwe, mwezi wa Juni na Julai, baridi huweza kushuka chini ya nyuzi 10 Selsiasi. Meko yenye fremu ya malakiti katika sebule ya namna hiyo ingekuwa fahari ya fundi na ya mkoa mzima wa Lualaba.

Lakini kabla fundi hajachanganya saruji, lipo swali la kuulizwa: jiwe hili likikaa karibu na moto, litabaki kuwa jiwe? Wahenga wa Katanga waliojua kuyeyusha shaba walikuwa na jibu karne nyingi kabla ya maabara yoyote kufika huku. Hawakulitia jiwe la kijani kwenye moto ili liudhibiti. Walilitia ili moto ulimalize.

Jiwe lililozaliwa na maji

Tabia ya malakiti motoni imeandikwa katika namna ilivyozaliwa. Chini kabisa ya vilima vya Kolwezi, Kambove na Likasi, shaba imefungamana na salfa ndani ya miamba ya kale yenye umri wa mamia ya mamilioni ya miaka. Maji ya mvua yanapopenya kutoka juu huja na oksijeni, huivunja ndoa hiyo, na shaba inayeyuka majini na kuanza kusafiri. Njiani maji hayo hukutana na dolomiti, mwamba wa jamii ya chokaa, pamoja na hewa ya ukaa iliyoyeyuka majini. Hapo shaba huganda tena, safari hii ikiwa imeshikamana na kaboneti na maji. Hiyo ndiyo malakiti. Hujijenga tabaka juu ya tabaka katika nyufa na matundu ya mwamba, na kila badiliko la maji huacha mstari wake. Mistari inayompendeza mnunuzi ni kumbukumbu ya maji yaliyopita.

Shaba hiyo ya juu ndiyo iliyowaonyesha watu njia. Kwenye vilima vyenye shaba nyingi udongo huikataa miti ya miombo, kilima kikabaki na nyasi na mimea michache iliyozoea sumu hiyo, kama lile ua liitwalo na wataalamu Haumaniastrum katangense. Mwanajiolojia Mbelgiji Jules Cornet alipopita Katanga mwaka 1892, alikuta wenyeji wamekwisha kuvichimba vilima hivyo kwa vizazi vingi. Kampuni ya madini ya Union Minière ilianzishwa mwaka 1906, na mji wa Kolwezi ukafuata mwaka 1937, lakini ramani ya shaba ilikuwa tayari imechorwa na waliotangulia.

Moto huchukua kilichofungwa

Kwa kemia, malakiti ni shaba iliyofungwa pamoja na hewa ya ukaa na maji. Asilimia 57 na nusu hivi ya uzito wake ni shaba tupu. Inapopashwa joto hadi kupita nyuzi 200, na hasa inapokaribia 300 na kuendelea, kifungo hicho hukatika: maji hutoka yakiwa mvuke, hewa ya ukaa hupotea, na kinachobaki ni oksidi ya shaba, unga mweusi usio na mng'aro. Ukianza na kilo 10 za malakiti, kilo 2.8 hivi hupotelea hewani na kilo 7.2 za unga mweusi hubaki. Rangi ya kijani hairudi tena.

Wayeyushaji wa Katanga, wale ambao vitabu vya Wabelgiji viliwaita wala shaba, waliligeuza udhaifu huo kuwa utajiri. Kiangazi kilipofika na mavuno yakishaingia ghalani, walipanda vilimani kuchimba mawe ya kijani, wakachoma makaa kutoka miti migumu ya miombo, wakajenga tanuri na kuvuvia kwa mivukuto ya ngozi. Ndani ya tanuri mambo mawili yalifuatana. Kwanza malakiti ilipoteza maji na hewa ya ukaa ikawa oksidi nyeusi. Kisha kaboni monoksidi, gesi inayozaliwa na makaa yanapowaka kwa hewa haba, iliing'oa oksijeni kutoka kwenye oksidi hiyo na kuiacha shaba peke yake. Moto ulipopita nyuzi 1,085, shaba iliyeyuka na kutiririka chini.

Shaba hiyo ilimiminwa ikawa misalaba midogo na mikubwa iliyotumika kama fedha. Wachimbuzi wa mambo ya kale waliofanya kazi Sanga, katika bonde la Upemba, mwaka 1957 na 1958, waliikuta misalaba ya shaba makaburini pamoja na wafu. Katanga ilipojitangaza nchi mwaka 1960, misalaba mitatu ya shaba iliwekwa kwenye bendera yake. Alama ya heshima ya eneo zima, basi, ni jiwe la kijani lililoshindwa na moto.

Ukuta wa tanuri

Tuligeukie sasa tanuri lenyewe. Kama moto ule uliweza kuimaliza malakiti na kuiyeyusha shaba, ukuta uliouzunguka ulisimamaje? Ulijengwa kwa vipande vya kichuguu.

Vichuguu vya Katanga ni majabali ya udongo. Vile vya mchwa wa jamii ya Macrotermes hufikia mita kadhaa kwenda juu, na msafiri wa barabara ya Lubumbashi hadi Kolwezi huviona kila upande. Mchwa huchagua chembechembe laini za mfinyanzi kutoka chini, huzipandisha, huzishikiza kwa mate na kuzishindilia. Katika mfinyanzi huo imo kaolini, madini ambayo nayo yana maji yaliyofungwa ndani yake. Tofauti ni hii: kaolini ikipashwa joto kati ya nyuzi 450 na 600 hivi hutoa maji yake, lakini haianguki kuwa unga. Mifupa yake ya silika na alumina hubaki, na moto ukizidi hushikamana zaidi. Ndiyo maana mafundi wa Lubumbashi na Kolwezi hadi leo hufyatua matofali kwa udongo wa kichuguu na kuyachoma.

Tofali lililochomwa vizuri limekwisha kuupa moto kila ulichokuwa ukidai. Halina maji yaliyofungwa wala hewa ya ukaa ya kupoteza. Hapa ndipo penye kanuni ambayo kila mjenga meko anapaswa kuishika: mbele ya moto weka kitu ambacho moto umekwisha kukipitia, na kitu ambacho bado kina cha kupoteza kiweke mbali.

Kanuni hiyo inapima mawe mengine pia. Granaiti na mawe ya silika yana kwatsi, na kwatsi inapofika nyuzi 573 hubadili mpangilio wa ndani na kuvimba ghafla. Jiwe hupasuka ingawa halikuungua. Mawe ya silika yenye vitundu, ambayo ni mengi sana katika machimbo ya Kolwezi, yana hatari ya ziada, kwa kuwa vitundu huhifadhi maji ya masika. Maji yakigeuka mvuke hutaka nafasi kubwa mara 1,700 hivi kuliko mwanzo, na jiwe linaweza kurusha vipande. Dolomiti na marumaru huvumilia joto la kawaida la fremu, ila zikiguswa na mwali wenyewe kwa muda mrefu hutoa hewa ya ukaa na kugeuka chokaa. Saruji nayo si rafiki wa moto: karibu na nyuzi 450 sehemu ya kiungo chake huvunjika, na maungio huanza kumomonyoka.

Warusi walivyofanya

Malakiti imewahi kukaa mekoni kwa fahari kubwa. Moto ulipoliunguza Kasri la Majira ya Baridi huko St Petersburg mnamo Desemba 1837, mbunifu Alexander Bryullov alijenga ndani yake chumba chenye nguzo na meko za malakiti kutoka milima ya Ural. Ukiziona nguzo zile utadhani kila moja imechongwa kutoka jiwe moja. Sivyo. Mafundi walikata malakiti vipande vyembamba vya milimita chache, wakavipanga mistari ifuatane, wakavibandika juu ya msingi wa jiwe au chuma, kisha wakajaza nyufa kwa unga wa malakiti na gundi na kung'arisha.

Walikuwa na sababu mbili. Malakiti mara chache hupatikana katika mabamba makubwa yasiyo na matundu, na ni nzito: ubao wake wenye urefu wa mita 1, upana wa sentimita 20 na unene wa sentimita 3 hukaribia kilo 24, wakati granaiti ya kipimo hicho ina kilo 16 hivi. Ikikatwa kwa unene wa milimita 4, uzito hushuka hadi kilo 3 na kidogo. Mbinu hiyo inawafaa mafundi wa Kolwezi, lakini ina mtihani wake, nao ni gundi. Gundi nyingi za kisasa za epoksi huanza kulegea kwenye nyuzi 60 hadi 80, muda mrefu kabla jiwe lenyewe halijahisi lolote. Fremu itaangusha vipande kabla haijabadilika rangi.

Gesi ina desturi zake

Aliyezoea mbabula ya makaa asidhani gesi ni moto mpole. Mwali wa propani ukipata hewa ya kutosha unaweza kukaribia nyuzi 1,900 mahali pake penye joto kali zaidi. Makaa hupanda joto polepole. Gesi huwaka kwa nguvu zote ndani ya dakika chache, na jiwe lililolala baridi usiku kucha hupashwa upande mmoja kwa ghafla. Uso wa mbele hutanuka, mgongo unabaki ulivyo, na ufa huanzia hapo.

Kuna maji pia. Kila kilo 1 ya propani inayoungua hutoa kilo 1.6 za maji yaliyo mvuke na kilo 3 za hewa ya ukaa. Dohani isipovuta vizuri, mvuke huo hutua juu ya mawe yenye baridi, huingia kwenye maungio na kuyachosha. Hewa ikiwa haba, gesi huzaa kaboni monoksidi, ileile iliyofanya kazi njema ndani ya tanuri la shaba, na ambayo ndani ya chumba kilichofungwa huua watu usingizini bila harufu wala moshi wa kuwaamsha. Mbabula iliyoingizwa chumbani usiku wa baridi huua kwa njia hiyohiyo.

Tena propani ni nzito mara moja na nusu kuliko hewa. Ikivuja haipandi, hutambaa sakafuni na kujikusanya mahali pa chini. Kwa hiyo matundu ya hewa yaliyo chini ya meko si mapambo, na fremu ya mawe hairuhusiwi kuyaziba hata kama yanaharibu mstari wa mchoro.

Kuyapanga mawe

Kazi nzuri huanza kabla jiwe la kwanza halijabandikwa. Washa meko, iache iwake saa kadhaa, kisha pima joto la ukuta kwa kipimajoto: pembeni, juu ya mdomo wa meko, na mahali rafu itakapokaa. Linganisha vipimo hivyo na umbali ulioandikwa na mtengenezaji wa meko. Juu ya mdomo ndipo joto hukusanyika, kwa kuwa hewa ya moto hupanda.

Ukanda wa ndani, unaoukabili moto, ujengwe kwa matofali yaliyochomwa ya udongo wa kichuguu au ya mfinyanzi mwingine unaohimili moto, na maungio yake yawe ya mfinyanzi wa aina hiyohiyo badala ya saruji. Nyuma ya fremu iachwe nafasi ya hewa ili joto lisihamie kuta za mbao au nyaya za umeme. Ukanda wa kati unaweza kuwa wa dolomiti au granaiti iliyokauka vizuri. Mita 1 ya granaiti ikipanda nyuzi 100 hurefuka kwa milimita 0.8 hivi, na chuma cha urefu huo kwa milimita 1.2, kwa hiyo jiwe na chuma visibanane, viachiwe pengo.

Malakiti ipewe ukanda wa nje na ukingo wa rafu, mahali ambapo mkono unaweza kutulia meko ikiwa inawaka. Bamba lake lishikwe kwa vibano vya chuma pamoja na gundi, ili gundi ikichoka jiwe lisianguke. Lisafishwe kwa kitambaa chenye maji tu, kwani ndimu na siki hulila kama zinavyolila jiwe la chokaa. Na wakati wa kulikata, maji yatiririke juu ya msumeno na fundi avae barakoa, maana vumbi lake ni vumbi la shaba na halifai mapafuni.

Lualaba hutoa shaba na kobalti zinazoendesha viwanda vya mabara mengine, na sehemu kubwa huondoka kabla ya kugeuzwa bidhaa. Fremu ya meko ni kitu kidogo mbele ya malori hayo, lakini thamani yake hubaki kwa aliyeikata, aliyeipanga na aliyeielewa. Kuielewa kunaanza na jaribio ambalo karakana yoyote inaweza kulifanya leo: kiweke kipande cha mabaki ya malakiti na kipande cha tofali la kichuguu juu ya makaa ya mbabula, nje penye hewa, uviache hapo hadi jiwe libadilike. Fundi aliyeviona vipande hivyo viwili vikiwa sambamba, kimoja cheusi na kingine vilevile kilivyokuwa, atajua kila jiwe likae wapi, na mteja wake atalala salama.