Nyaraka za Majemadari na Mikono Iliyozikusanya

Mwaka 1815 kijana William Buell Sprague, aliyekuwa ndiyo kwanza ametoka chuo cha Yale na kuajiriwa kufundisha watoto nyumbani kwa Lawrence Lewis, mpwa wa George Washington, alimwomba Jaji Bushrod Washington, mrithi wa makaratasi ya Washington huyo, ami yake, huko Mount Vernon, idhini ya kujitwalia barua azipendazo; naye jaji, kwa ukarimu ambao watunza hati wa leo hawausikii bila kuguna, akakubali kwa sharti kwamba kila aondoapo asili aache nakala. Barua zipatazo 1,500 zikatoka kwa njia hiyo.

Simlaumu sana Sprague, kwani nyaraka nyingi za vita vya uhuru wa Marekani zilizobaki madarini kwa warithi ziliishia kwa panya na moto.

Mkusanyaji hodari huisoma karatasi kabla ya maneno: imetengenezwa kwa matambara, ina chapa ya kiwanda ionekanayo ikielekezwa kwenye mwanga, wino wake wa chuma umegeuka hudhurungi, nayo, kwa kuwa bahasha hazikuwa desturi, imekunjwa, ikatiwa lakiri na kuandikwa anwani kwa nje. Kisha huuliza mwandiko ni wa nani, maana aghalabu Washington aliwaachia wasaidizi wake, kina Tench Tilghman na Alexander Hamilton, waandike, yeye akatia sahihi tu, na waraka wa namna hiyo haulingani kwa thamani na ule alioushikia kalamu mwenyewe. Robert Spring wa Philadelphia, laghai wa karne ya 19, alichana kurasa tupu za vitabu vikuukuu, akazipaka kahawa, akaandika "barua za Washington". Ajabu ni kwamba hata hizo leo zina wanunuzi.

Kinachonikera mimi ni barua kutengwa na wenziwe. Mnamo Julai 1780 Hamilton alimwandikia Lafayette, jemadari Mfaransa aliyepigana upande wa Wamarekani, kumwonya kuwa Waingereza wanajiandaa kuwashambulia washirika wao Wafaransa huko Rhode Island, na Jenerali William Heath akaipeleka barua hiyo kwa wakuu wa Massachusetts pamoja na ombi lake la askari, iwe hoja yake. Mtumishi wa hifadhi ya nyaraka ya Massachusetts aliiiba kati ya 1937 na 1945. Ilipozuka kwa dalali wa mnada huko Virginia mwaka 2018, ilikuwa sahihi ya Hamilton basi, Heath kasahauliwa. Mwaka 2021 mahakama ya rufani iliamua kuwa ni mali ya Massachusetts.