Umuti, mti na dawa: majina ya mimea ya tiba darasani

Katika insha za muhula uliopita tulikutana tena na sentensi ambayo kila mwalimu wa Kiswahili hapa Rwanda ameshaisahihisha mara nyingi: "Nilipoumwa tumbo, bibi alinipa mti, nikanywa, nikapona." Kalamu nyekundu ikapita juu ya neno mti, ikaandika dawa. Sahihisho lenyewe ni halali. Hata hivyo tumeonelea tulizungumzie kidogo, kwa kuwa mwanafunzi yule hakukosea kwa uvivu, na kosa lake linagusa jambo ambalo sisi walimu tumezoea kulipita.

Kwa Kinyarwanda, na vilevile kwa Kirundi, umuti ni dawa, wingi wake imiti. Mti wenyewe, ule uliosimama kando ya nyumba, ni igiti. Shina ni lile lile, -ti. Kinachotenganisha maana ni kiambishi cha ngeli. Ziko lugha za Kibantu, Kizulu kwa mfano, ambazo neno moja la shina hilo linabeba maana zote mbili. Kiswahili kiliazima dawa kutoka Kiarabu, na mti ukabaki kuwa mmea. Lakini harufu ya dawa haikuuacha kabisa. Tazama neno mitishamba: mtu akisema anatumia mitishamba, hakuna anayedhani kwamba anakata mbao.

Sasa, je, hili ni suala la sarufi tu? Nasi tulidhani hivyo, mpaka mmoja wa wanafunzi wetu alipoombwa kumkalimania mama mmoja katika kituo cha afya. Mhudumu, ambaye hakujua Kinyarwanda, aliuliza kwa Kiswahili kama mgonjwa ametumia dawa yoyote kabla ya kufika. Mama alilifahamu neno dawa bila kungoja tafsiri, akajibu upesi: hapana. Mwanafunzi akaandikisha hapana. Wakiwa nje ndipo mama alipotaja kwamba kwa siku tatu amekuwa akinywa maji ya umubirizi. Hakusema uongo. Kwake dawa ni vidonge vya hospitali. Alichokunywa yeye ni umuti wa Kinyarwanda. Mwanafunzi alirudi ndani mbio kumweleza mhudumu. Tangu siku hiyo tunafundisha kwamba mkalimani wa afya aulize mara mbili: "Umetumia dawa ya hospitali? Umetumia mitishamba, majani au mizizi?"

Umubirizi nao una mkasa wake. Tulipouliza darasani jina lake la Kiswahili, tulipata kimya kwanza, kisha majina mengi kupita kiasi. Mwenzetu wa kutoka Bukavu alisema kwao ni mubirizi, Warundi wakasema umubirizi kama sisi, aliyesomea Kampala akaleta omululuza wa Kiganda, na mwingine akakumbuka olusia wa Kijaluo. Wote walikuwa wanataja kichaka kile kile chenye majani machungu, ambacho wengi wanakitumia kwa homa, minyoo na maumivu ya tumbo. Wataalamu wa mimea walikiita Vernonia amygdalina kwa muda mrefu. Siku hizi wanakiita Gymnanthemum amygdalinum. Kwa hiyo asidhani msomaji kwamba ni majina ya vijijini tu yanayobadilikabadilika.

Jina la Kiswahili lipo, nalo ni mtukutu. Mwanafunzi mmoja alilitafuta katika kamusi yake, akakuta maana ya mtoto asiyetulia, akatuuliza kama bibi yake alikuwa akimnywesha watoto wa jirani.

Tukiwa bado kwenye mmea huu, iko habari kutoka ng'ambo ya mashariki ya Ziwa Tanganyika inayofaa kusimuliwa darasani. Katika milima ya Mahale, Tanzania, alifanya kazi Mohamedi Seifu Kalunde, Mtongwe aliyezaliwa katika familia ya waganga. Novemba 1987, yeye na mtafiti Michael Huffman walimfuata sokwe mtu jike aitwaye Chausiku, ambaye alikuwa mgonjwa, mlegevu, hana hamu ya kula. Walimwona akivunja matawi machanga ya mmea huu, akiacha majani na gome, akitafuna kiini laini cha ndani, akifyonza maji yake na kutema makapi. Huffman aliuliza ni mmea gani. Seifu alimweleza kwamba kwa Kitongwe ni mjonso, na kwamba ni dawa kali ya watu. Siku ya pili yake sokwe yule alikuwa amepata nafuu. Habari hiyo ilichapishwa mwaka 1989, Seifu akiwa miongoni mwa walioiandika. Baadaye, kwa sokwe mwingine aliyetafuna mmea huo, watafiti walipima kinyesi na kukuta mayai ya minyoo yameshuka kutoka 130 hadi 15 kwa gramu moja, ndani ya saa 20.

Ujuzi wa aina hii haukuanza na watafiti. Seifu alisimulia kwamba babu yake aliijua dawa nyingine, mulengelele, kwa kumwangalia nungunungu mgonjwa akifukua na kula mizizi ya mmea ambao wanakijiji waliuogopa kuwa ni sumu. Babu aliinywa yeye mwenyewe kwanza, ndipo wagonjwa wakakubali. Sisi tunaona kwamba bila neno mjonso kutamkwa siku ile porini, Huffman angeandika tu kwamba mnyama amekula kitu kichungu.

Lakini jina hilohilo linaweza kupotosha. Chukua mwarobaini, mti wenye asili ya Asia uliosifiwa kwa kutibu maradhi arobaini. Uko ndugu yake, Melia azedarach, ambao kwa Kiswahili cha Kenya huitwa pia mwarobaini nusu, na wapo wanaoliacha lile neno nusu. Maua yake ni ya zambarau hafifu, ilhali ya mwarobaini ni meupe. Jani lake limegawanyika mara mbili, la mwarobaini mara moja. Matunda yake ya manjano ni sumu kwa binadamu. Mfasiri anayeandika mwarobaini bila kuuona mti anaweza kumpa mtu tunda hilo.

Mganga nalo ni neno la kuangaliwa. Kinyarwanda muganga ni daktari, na Kongo munganga ni vivyo hivyo. Tanzania Mganga Mkuu wa Serikali ni daktari, ila mganga akitajwa bila nyongeza wengi humfikiria wa jadi. Umuvuzi gakondo tunapendekeza afasiriwe mtaalamu wa tiba asili. Umupfumu ni mwingine, asichanganywe naye.

Muhula huu kila mwanafunzi ataleta mmea mmoja: jani lililokaushwa ndani ya gazeti, jina analolitumia mama yake, mahali ulipookotwa, na sehemu inayotumika. Jina la Kiswahili litafuata, na la kisayansi litaandikwa baada ya mtaalamu wa mimea kuliona jani. Vipimo vya kunywa hatuviandiki. Hiyo si kazi ya idara ya lugha.

Tutaanza na umuravumba, Tetradenia riparia, ambao watafiti waliofanya kazi Butare walichapisha mwaka 1986 kwamba una kemikali inayozuia bakteria. Jina lake la Kiswahili hatujalipata. Anayelijua atuletee, pamoja na jani.