Benchi la Bibi

Katika viwanja vya zahanati za jiji la Harare nchini Zimbabwe kuna mabenchi ya mbao ambayo mpita njia angeyadhania kuwa ya wagonjwa wanaosubiri zamu, kumbe hapo huketi bibi mtu mzima akimsikiliza mtu mwenye kufungisisa, yaani kuwaza kupita kiasi, kama Washona wanavyoiita hali ambayo daktari angeiita sonona.

Mwanzilishi wa mpango huo, Friendship Bench, yaani Benchi la Urafiki, ni Dk. Dixon Chibanda, mmoja wa madaktari wachache mno wa magonjwa ya akili nchini humo, ambaye amesimulia hadharani kwamba mwaka 2005 mgonjwa wake Erica alijiua baada ya familia kukosa nauli ya dola 15 ya kumrudisha hospitali. Mwaka uliofuata alipoomba kuanzisha huduma kitongojini Mbare hakupewa wauguzi wala chumba, bali akina bibi 14 waliokuwa wahudumu wa afya wa kujitolea, na hao ndio waliomweleza kwamba benchi likiitwa la afya ya akili hakuna atakayethubutu kulikalia.

Linalostaajabisha zaidi ni adabu ya mazungumzo yenyewe. Baada ya maswali 14 ya kupima uzito wa hali, mgeni huachwa ataje yote yanayomsumbua, iwe deni, ugonjwa au ugomvi wa ndoa, kisha yeye mwenyewe, wala si bibi, huchagua tatizo moja la kuanza nalo, nao kwa pamoja hutafuta hatua ndogo inayowezekana kabla ya kikao kijacho, pengine kwenda tu kumwona mdai na kuomba muda. Bibi, ambaye kwa desturi angetarajiwa kutoa nasaha papo hapo, hufundishwa kuuzuia ulimi wake, na huenda huo ndio wema mgumu kuliko wote. Baadaye mgeni hualikwa katika kikundi cha waliopitia benchi hilo, ambapo watu husuka mikoba kwa plastiki iliyokwisha kutumika huku wakisikilizana, hata aliyekuja kusaidiwa akawa msaidizi.

Utafiti uliochapishwa mwaka 2016, uliohusisha watu 573, ulionyesha kuwa baada ya miezi 6 dalili za sonona zilibaki kwa takriban asilimia 14 ya waliokaa na bibi, ikilinganishwa na asilimia 50 ya waliopata huduma ya kawaida, na tangu hapo mpango umefika Malawi, Zanzibar na New York.

Hata hivyo, benchi halilipi deni la mtu. Je, kinachoponya ni mbinu au ni bibi mwenyewe? Na bibi anayebeba ya wengi, yeye nani humtua mzigo huo? Maswali hayo hayazipi udhuru serikali zinazongoja madaktari bingwa waongezeke, kwani Mbare haikuwangoja.