MAFUTA YANAYOVUJA KATIKA EKSELI YA MBELE

Wanachama wenzetu wanajua kuwa karafuu si mali ya visiwa vyetu peke yake. Bara nako, katika miteremko ya mashariki ya milima ya Uluguru, mkoani Morogoro, wakulima wa Matombo, Mkuyuni na Kinole wanayo mikarafuu yao. Upande huo umeielekea Bahari ya Hindi, na katika sehemu zake za juu mvua ya mwaka hupita milimita 2,000. Mvua hiyo huistawisha mikarafuu, na ndiyo hiyo hiyo iharibuyo njia. Kwa hiyo gari itakiwayo huko ni ile ambayo injini yake husukuma magurudumu ya mbele na ya nyuma pamoja, khasa zile kuukuu zilizotoka jeshini.

Gari za namna hiyo si ngeni Bara. Mradi wa Karanga wa Serikali ya Kiingereza, ulioanza mwaka 1947 ukaachwa mwaka 1951, ulitumia mashine nyingi zilizobaki baada ya Vita Kuu ya Pili. Katika miaka ya 1950 jeshi la Uingereza likaanza kutumia Bedford RL. Ni gari ngumu, lakini zilizosalia leo ni wazee, na ugonjwa wao mmoja ni kuvuja mafuta katika ekseli ya mbele.

Kwa nini si jambo dogo

Ekseli ya mbele ya gari hizi ina kazi mbili: kusukuma gari na kukata kona. Kwa hiyo kila upande shafti ina kiungo cha kukunjika, nacho kimefichwa ndani ya tufe la chuma. Mafuta huzuiwa na sili, yaani ringi za mpira zenye springi nyembamba. Kwa kawaida moja hushika shafti ndani ya ekseli, nyingine kubwa huzunguka tufe, na ya tatu iko kwenye habu.

Sili ikichoka, mafuta hufika kwenye breki. Gari hupanda mlima bila ya kuonyesha kitu, kwani apandaye hana haja kubwa ya breki. Hatari iko katika kuteremka na shehena. Breki yenye mafuta haishiki, ya upande wa pili hushika, na gari huvutwa upande ule mkavu. Katika njia nyembamba yenye bonde ubavuni, hilo latosha kuwaua watu.

Kujua panapovuja

Mafuta yakionekana juu ya tufe, tazameni sili kubwa. Yakionekana ndani ya gurudumu na kwenye dramu, tazameni habu. Grisi ya ndani ya tufe ikiwa nyepesi kama uji, na mafuta ya difu yakawa yanapungua, basi sili ya ndani imekwisha. Wala msichanganye mafuta ya gia, ambayo ni mazito na yana harufu kali, na mafuta ya breki, ambayo ni mepesi.

Mwenye gari mmoja wa upande wa Matombo alitueleza kuwa yake ilibadilishwa sili mara mbili, na mara zote mbili ikavuja tena. Fundi wa tatu hakuanza na sili. Alitazama tundu la kupumulia lililo juu ya ekseli, akalikuta limezibwa na matope makavu. Ekseli ikipata moto hewa iliyomo hutanuka, na ikikosa njia huyasukuma mafuta nje kupitia sili, hata zikiwa mpya. Basi kwanza zibueni tundu. Kisha chunguzeni kama mafuta yamejazwa kupita kiasi, na kama beringi imelegea ikaiacha shafti icheze.

Kazi yenyewe

Simamisheni gari mahali tambarare, mzuie magurudumu ya nyuma, na baada ya kuinua kwa jeki wekeni vigogo imara chini ya ekseli. Jeki peke yake haiaminiki. Mwageni mafuta ndani ya debe, si ardhini: vijito vya Uluguru huulisha Mto Ruvu, na maji ya mto huo hunywewa hata Dar es Salaam.

Vumbi la breki za zamani huweza kuwa na asbesto, nayo hudhuru mapafu. Msilipulize, lifuteni kwa kitambaa kibichi. Beringi za kulia na za kushoto ziwekwe mbalimbali. Shafti itolewe na irudishwe ikiwa imenyooka, kwani ikiburuzwa hukata mdomo wa sili mpya.

Kabla ya kutoa sili kuukuu, angalieni imeelekea wapi; upande wenye springi huelekea mafuta yanayozuiwa. Andikeni namba yake, au pimeni upana wa ndani, wa nje na unene kwa milimita, ndipo mwende dukani. Shafti yenye kutu isuguliwe kwa msasa laini. Iliyochimbika mfereji itaila sili mpya kama ilivyoila ya kwanza, nayo yahitaji kutengenezwa. Pakeni mafuta mdomo wa sili, kisha iingizeni kwa kipande cha bomba kinacholingana na ukingo wake, mkigonga taratibu pande zote. Nyundo isiiguse sili yenyewe.

Breki shuu zilizolowa mafuta hazifai tena, hata zikioshwa kwa petroli. Zibadilishwe pande zote mbili. Mkimaliza, jazeni mafuta mpaka usawa wa tundu la kujazia, mwendeshe kidogo mahali tambarare, mjaribu breki, kisha mtazame chini ya gari.

Sili ni kitu cha bei ndogo, nacho ndicho kilichosimama baina ya mafuta na breki. Mwanachama mwenye gari ya namna hii, awe visiwani au ana jamaa Bara, na apeleke mkono nyuma ya gurudumu la mbele kabla ya gunia la kwanza kupakiwa. Mkono ukirudi na mafuta, gari isipakiwe mpaka itengenezwe.