Matandazo ya Bustani Yana Kipimo Chake

Juma hili nimekuja kusahihisha kosa langu mwenyewe.

Miezi michache iliyopita, katika mazungumzo haya haya, niliwahimiza wenye bustani watandaze majani makavu juu ya udongo ili unyevu usipotee. Nilisema kweli, ila sikutaja kiasi. Basi juzi nimepata barua kutoka Kilindoni, kisiwani Mafia, ya mama mmoja anayelima nyanya za kuuza sokoni. Ananiandikia: "Mwanangu, ulisema tutandaze, nikatandaza. Nilinunua magunia matano ya nyasi kavu. Baada ya juma moja mchanga ukaonekana tena, na sasa nyanya zinapukutisha maua. Wajukuu zangu wanateka maji kisimani asubuhi na jioni. Nimekosea wapi?"

Hakukosea yeye, nilikosea mimi. Bustani yake ina urefu wa mita 10 na upana wa mita 5. Tufanye hesabu pamoja.

Lakini kwanza niwapeleke Shungimbili. Ni kisiwa kidogo sana, kimo katika mlango wa bahari ulio kati ya Mafia na bara. Mwaka 1998 nilikuwa nikisafiri kwa jahazi kwenda Kilindoni, upepo ukalala, nahodha akatia nanga hapo. Ilikuwa saa nane mchana. Mchanga uliunguza nyayo, tukakimbilia kivuli cha vichaka. Baharia mmoja, mzee wa makamo, akafukua kwa kidole cha mguu pale majani makavu yaliporundikana. Chini yake mchanga ulikuwa wa baridi, tena una unyevu. Hatua mbili pembeni, penye majani machache yaliyotawanyika, mchanga ulikuwa mkavu kama unga. Akaniambia, "Bwana, jani moja moja halimvishi mtu nguo."

Neno lile nililisahau hadi nilipoisoma barua ya mama yule. Matandazo hufanya kazi kwa unene wake. Yakiwa manene, jua haliufikii udongo, upepo hauukaushi, na magugu hukosa mwanga. Yakiwa haba, jua hupenya na maji huondoka. Na mchanga wa pwani hauwezi kushika maji kama udongo wa mfinyanzi, kwa hiyo sisi wa pwani tunayahitaji zaidi.

Sasa kipimo. Kwa nyasi kavu au majani makubwa makubwa, lenga unene wa sentimita 10, yaani upana wa kiganja pamoja na kidole gumba. Kwa vitu vilivyosagika, kama maranda yaliyokwisha kaa muda mrefu au pumba za mpunga, sentimita 5 zatosha, maana yakizidi huzuia maji ya mvua yasishuke.

Chukua debe letu la lita 20. Mita moja ya mraba, ikitandazwa kwa unene wa sentimita 10, inahitaji lita 100, ndiyo kusema debe 5. Kwa unene wa sentimita 5, ni debe 2 na nusu. Hiyo ndiyo kanuni yote, wala huhitaji kikokotoo. Pima bustani kwa kamba, zidisha urefu kwa upana, kisha zidisha kwa 5.

Bustani ya mama yetu ni mita za mraba 50. Mara 5 ni debe 250. Gunia moja huchukua debe 6, kwa hiyo alihitaji magunia kama 42. Yeye alinunua 5, yaani debe 30. Ukizisambaza debe 30 juu ya bustani yote ile, unapata unene wa sentimita moja na ushei. Lile lilikuwa pazia tu, tena lenye matundu!

Najua mtasema, "Magunia 42, nani atayaweza?" Sikilizeni. Si lazima kufunika bustani nzima. Nyanya zake zimo katika mistari 5, kila mstari mita 10. Akifunika ukanda wa nusu mita tu kufuata kila mstari, eneo linakuwa mita za mraba 25, na mahitaji yanashuka hadi debe 125, kama magunia 21. Na kama hana zaidi ya magunia 5, basi ayaweke yote kwenye mita za mraba 6, miche ile ipone, kisha aongeze kila apatapo. Haba na haba hujaza kibaba, lakini kibaba kimoja kwanza, si vibaba kumi kwa pamoja.

Wewe wa mjini mwenye tuta la mita 4 kwa mita 1 nyuma ya nyumba, wahitaji debe 20 za nyasi, au 10 za maranda. Kwa mti, pima hatua kutoka shinani hadi utakapoishia, zidisha namba hiyo kwa yenyewe, kisha kwa 3. Hatua ndefu za mita moja zikiwa 2, ni mita za mraba 12.

Yazingatie na haya. Mwagilia kwanza, ndipo utandaze. Acha nafasi ya upana wa kiganja kuzunguka shina, lisioze wala lisivamiwe na mchwa. Usitumie nyasi zenye mbegu. Na kumbuka kwamba nyasi hulala na kuoza, kwa hiyo utaongeza tena.

Liko jambo la mwisho, nalo ni zito. Debe 250 hizo zinatoka wapi? Wahaya kule Kagera wamelijua swali hili tangu zamani: migomba ya kibanja hutandazwa nyasi zilizokatwa rweya, yaani mbugani, na rweya ikipungua, kibanja nacho hudhoofu. Kila bustani iliyovikwa ina mahali palipovuliwa. Mafia ina minazi tele, basi makuti yaliyochakaa na makumbi yakatwekatwe yatumike, badala ya kuyachoma moto. Lakini tusiende kukwangua visiwa vidogo. Shungimbili ni hifadhi ya bahari tangu mwaka 2007, na majani yale aliyoyafukua baharia ndiyo blanketi pekee la mchanga ule.

Mama yangu wa Kilindoni, niwie radhi. Maua yaliyopukutika hayarudi, lakini mche ulio hai utachanua tena. Anza na mita zako 6, na wajukuu wapumzike kidogo kisimani.

Hadi juma lijalo, kwaherini.